Kitenge Kwenye Pua ya Gari

Ijumaa, Durban. Mwezi wa saba.

Leo jua limetoka mapema. Baridi ya Durban ni ile ya kuvaa sweta asubuhi na kuivua kabla ya chakula cha mchana, na majirani wameanika mablanketi yao nje. Mimi nimeanika kitenge kimoja tu. Nimekitundika ndani, nyuma ya mlango wa bafu, ili mgeni akija asikione.

Kina doa la mafuta ambalo halitoki.

Nimekifua, nimekisuuza, nimekifua tena kwa sabuni ya mche mpaka vidole vimekunjamana. Sina amani. Nimekuja kukaa hapa niandike kwa sababu mtu pekee niliyemwambia ni Déo, mume wangu, na tangu nimwambie tunaongea habari za chumvi na funguo tu. Ninyi mnaosoma blogu hii ni wachache na wengi wenu mko mbali. Majina nimeyabadilisha. Mwenye kitenge hasomi mambo ya mtandao, simu yake ni ya kupiga, kupokea na kumulika tochi.

Nianze na gari.

Tulilichukua mwezi wa tano, jipya, viti vikiwa bado vimevikwa plastiki. Mimi nasuka nywele, na wateja wangu wengi wako Morningside, wanataka wasukwe majumbani mwao. Kwa miaka nilipanda taxi, vile vibasi vya abiria, nikiwa na begi la rasta mgongoni, halafu nikapandisha kile kilima kwa miguu. Déo anafanya kazi ghalani Mobeni, zamu za asubuhi na za jioni. Katika kikundi chetu cha maombi hakuna aliyewahi kununua gari ambalo halijaendeshwa na mtu mwingine kwanza. Sisi wakimbizi tunarithi magari kama kitinda mimba anavyorithi viatu. Kwa hiyo Jumapili ile kanisa zima lilitoka nje kulitazama. Mchungaji akaliombea, wazee wakazunguka wakipiga magurudumu teke kidogo, kama wanaojua. Wakanitania kwamba sasa nitaanza kuwasalimia kupitia dirishani. Aliyepiga vigelegele vya kwanza alikuwa Mama Bahati. Akasema gari hili si la Riziki na Déo, ni letu sote, limetutoa aibu.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wahenga walijua walichokuwa wanasema.

Yule kijana aliyetuuzia alinipa onyo moja tu ambalo lilibaki kichwani. Alisema fundi wa mtaani asije akafungua boneti, kwa sababu siku akiifungua garanti inakufa. Nililishika neno hilo kama amri ya kumi na moja. Hata maji ya kuoshea kioo nilikuwa naenda kuwekewa kwao. Déo alinicheka, akaniuliza kama na upepo wa magurudumu nitakuwa naagiza kutoka kiwandani.

Sasa Mama Bahati. Yeye ni wa Bukavu kama mimi, ila si mama yangu wa kunizaa. Nilipofika mji huu sikumjua mtu, nilikuwa na mfuko mmoja na kikohozi, na ni yeye aliyenisogezea godoro lake nikalala upande wa ukutani. Alinifundisha neno la kumwambia dereva wa taxi nikitaka kushuka. Alinifundisha wapi pa kupata sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu. Mtu akinitukana nami nikaja kumweleza yeye, aliuliza kwanza kama nimekula. Ana watoto wawili wa kiume hapa. Mdogo anaitwa Claude. Mkubwa ndiye Bahati, aliyekuwa na duka la simu mjini, fundi na muuzaji hapo hapo, mtu wa kucheka hata akidaiwa.

Bahati alikuwa amepanda Johannesburg kununua vioo na betri za simu, kama alivyozoea. Akaangukia huko, dukani mwa watu. Mshipa wa kichwa. Neema, mkewe, akapanda basi akaenda kukaa naye hospitalini. Jumapili mchana Neema akapiga simu akasema daktari ameambia familia kwamba wanaotaka kumwona waje. Hakuna mtu mzima asiyejua maana ya sentensi hiyo.

Hapo ndipo kimbelembele changu kilipoanza.

Claude ana gari dogo la zamani, mlango mmoja hufunguliwa kwa ndani tu, hita yake ilikufa kabla hajalinunua. Alikuwa amekwisha panga kumpeleka mama yake. Mimi nikasimama katikati ya sebule iliyojaa watu nikasema haiwezekani. Redio ilikuwa inasema theluji inaanguka mlimani, huko Van Reenen, ambako barabara ya N3 inapanda kwenda bara. Mama ana kifua. Nikasema atapanda na mimi, gari ni jipya, lina joto, litamfikisha. Watu wakaitikia kwamba ni kweli. Claude akatazama chini, akasema sawa. Natamani angebisha. Claude hajawahi kuwa mtu wa kubisha na wakubwa zake.

Tuliondoka Jumatatu alfajiri, bado giza, Claude mbele na gari lake, sisi nyuma. Wakati nafunga mlango wa nyumba nilimwona Mama Bahati ameinama mbele ya gari letu. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye pua ya gari, midomo inatembea. Nikasema moyoni, anaomba, nisimkatishe. Nikasubiri pembeni mpaka akainuka, akajifuta mikono, akaingia. Alikuwa anaomba kweli. Ila si hicho tu alichokuwa anakifanya.

Njia ya kwanza ilikuwa nzuri. Tulipita Pietermaritzburg kukiwa kunapambazuka. Hita ilikuwa inavuma polepole, na Mama akavua viatu akasema gari hili lina ukarimu. Kupita Mooi River nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, na ile namba ya joto kwenye dashibodi ikawa inashuka kila nikiitazama. Mama akaanza kusimulia habari za mumewe marehemu, ambaye alikuwa dereva wa lori kule kwetu, akipandisha mizigo kwenye nyanda za juu ambako asubuhi maji ya ndoo yanafanya ngozi. Alisema mzee alikuwa analitunza lori lake kama mgonjwa, analifunika pua kwa gunia lisiingiwe na baridi, na ndiyo maana halikuwahi kumlaza njiani. Mimi nilimsikiliza kwa sikio moja. Malori yalikuwa mengi, kila moja linanirushia matope ya barafu, na macho yangu yalikuwa kwenye taa za Claude.

Mvua ikaanza, kisha ikageuka, ikawa inaanguka polepole na nyeupe. Wenye magari madogo walipunguza mwendo kupiga picha. Mama alitazama tu mbele.

Tulipoanza kupanda mlima, taa ikawaka.

Ilikuwa ya rangi ya chungwa, yenye umbo la injini, ndogo kama ukucha. Kwanza sikuamini, nikafikiri labda ni taa ya kuonyesha kwamba kuna baridi. Halafu yakatokea maandishi, kwamba nguvu ya injini imepunguzwa. Nikakanyaga mafuta, gari likawa kama mtu anayeitwa na hataki kuja. Malori yenye makontena yalianza kunipita. Nilikwenda hivyo, nikisukuma kiti kwa mgongo kana kwamba kitasaidia, mpaka nikaona tunatambaa. Nikaegesha kando, nikawasha taa za hatari.

Mama alivaa viatu vyake.

Nikampigia Claude. Yeye alikuwa amekwisha maliza kupanda, lile gari lake la mlango mbovu lilikuwa juu huko linakwenda kama halijui kuna baridi. Nikamweleza. Akasema anarudi kutuchukua. Mama akanyoosha mkono, nikampa simu.

"Usirudi," alimwambia. "Ukirudi wote tutakosa. Endelea, mutoto yangu. Mumoja yetu afike."

Akanirudishia simu, akakunja mikono mapajani.

Nikatoa kitabu cha gari. Kwenye ukurasa wa taa ile kulikuwa kumeandikwa kwamba usiendelee na safari, uzime injini, uwaite wauzaji. Nikazima. Nikapiga namba ya msaada, wakanipigia muziki, halafu wakasema gari la kuvuta litakuja barabara ikiruhusu, na nisiguse kitu. Sikugusa kitu. Nimekuwa mtu mzuri wa kufuata maagizo tangu nipewe karatasi za nchi hii.

Lori moja lilisimama nyuma yetu. Dereva alishuka amejifunga kitambaa kichwani, anakagua kamba za mzigo wake, halafu akaja kugonga dirisha. Aliposikia nikimwambia Mama kwa Kiswahili atulie, akacheka, akasema kumbe ni nyumbani. Mtanzania, wa Mbeya, amepakia mzigo Clairwood, huko huko Durban, jana yake. Akasema nifungue boneti atazame. Nikamshukuru, nikamwambia hapana, gari ni jipya, lina garanti. Akaniangalia kidogo, akasema haya dada, akarudi kwenye lori lake.

Magari bado yalikuwa yanapita wakati ule. Hili ndilo linalonikaba. Upande wa kulia magari madogo yalikuwa yanapita, moja moja, yakiteleza, lakini yalikuwa yanapita.

Halafu yakaacha kupita. Lori lilikuwa limelala katikati ya njia huko juu, likafuata jingine, na polisi wakafunga barabara pande zote. Mbele malori, nyuma malori, juu hakuna mbingu, weupe tu.

Baridi iliingia ndani ya gari taratibu, kupitia sakafuni. Nilimvisha Mama soksi zangu, nikamfunika na koti langu, nikamfunika na mataulo ya kazini ambayo yalikuwa kwenye buti pamoja na begi la rasta. Meno yake yalikuwa yanagongana. Alifumba macho, akawa anaimba kwa ndani wimbo wa kanisani, sauti haitoki, shingo tu ndiyo inatikisika. Mimi nilikuwa natazama ule ufunguo na sikuwasha. Kitabu kilisema nizime.

Yule dereva alirudi na chai kwenye kifuniko cha chupa. Alimtazama Mama kupitia kioo, halafu akanitazama mimi.

"Mama anatetemeka humo ndani," alisema, "na wewe unalinda gari?"

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejitetea.

Nikavuta kile kishikio, boneti ikafunguka.

Haikumchukua muda. Aliinama pale mbele, penye mdomo ambao injini inavutia hewa, akaingiza mkono, akavuta. Hakikutoka. Akaenda kuchukua bisibisi, akachokoa, akavuta tena, kikatoka kizima, kigumu kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa. Kitenge. Kilikuwa kimekunjwa vizuri, kimepenyezwa kupitia matundu ya mbele na kufungwa fundo kwa chini. Theluji ilikuwa imekilowesha, injini ikakinyonya kikaziba pale, halafu kikaganda. Akaniambia injini haikuwa na ugonjwa wowote, ilikuwa imezibwa pumzi tu.

"Nani kaweka hiki?"

Nilikijua kabla hajakikunjua. Ni kitenge cha kina mama wa kikundi chetu, buluu nzito yenye majani meupe. Mimi ninacho. Kila mmoja wetu anacho. Na Mama Bahati ndani ya gari alikuwa amejifunga kilemba kilichokatwa kwenye kitenge hicho hicho.

Boneti ilikuwa imesimama kati yetu na yeye. Hakuwa anaona kitu. Nikamwambia yule dereva kwamba sijui. Akakitazama, akamtazama mama wa watu kupitia pembeni, akaelewa. Akanikabidhi, nikakizungushia gazeti nikakitupa kwenye buti. Akaniambia niwashe. Nikawasha, injini ikaitika vizuri kama siku ile tulipolichukua. Ile taa ilibaki, lakini alisema hiyo ni kumbukumbu tu, nguvu imerudi.

Nguvu imerudi na njia imefungwa.

Hita ikaanza kuvuma. Mashavu ya Mama yakarudi rangi. Alikunywa chai ya yule mtu, akaniambia nami ninywe. Ndipo simu yangu ikalia, ilikuwa Claude. Sikuhitaji kusikia neno, nilisikia nyuma yake sauti ya Neema akilia. Nikampa Mama simu kwa mara ya pili siku ile.

Alisikiliza. Akasema, "Sawa." Akasema tena, "Sawa, baba." Akazima, akaniwekea simu kwenye mkono wangu na kukifunga kiganja changu juu yake, kama mtu anayemrudishia mtoto chenji.

Hakulia. Alitazama ile taa ya chungwa kwenye dashibodi kwa muda mrefu.

"Riziki," aliniuliza, "hii gari iko na nini?"

Nilikuwa na jibu kwenye buti, nyuma ya viti vyetu, linayeyuka juu ya gazeti. Ningeweza kulitoa. Lilikuwa jibu la kweli na lingeniosha mimi na gari langu mbele ya watu wote. Nikaona mikono yake, ile mikono miwili iliyokuwa kwenye pua ya gari alfajiri, inalitunza kama mumewe alivyomfundisha.

"Ni gari yenyewe, Mama," nilisema. "Iko mubaya."

Akatikisa kichwa polepole. "Kumbe hata mupya inaweza kuwa mubaya," akasema, na hapo ndipo akaanza kulia.

Sitaandika habari ya jinsi tulivyorudi. Walipofungua barabara tuligeuza. Hakukuwa na sababu ya kupanda tena.

Mwili ulishushwa Durban juzi. Matanga yako nyumbani kwa Mama, viti vya plastiki mpaka kwenye ngazi, picha ya Bahati mezani akicheka na koleo la kufungulia simu mkononi. Niliingia na sufuria ya maharage, mazungumzo yakakatika, kisha yakarudi yakiwa mengine. Hayakuhitaji kunong'onwa. Kwamba magari ya mkopo yana roho zake. Kwamba wengine wananunua majina, hawanunui magari. Wale wale waliopiga magurudumu teke kwa furaha. Nilitua maharage nikaenda jikoni kuosha vyombo, na nikaviosha hata vilivyokuwa safi.

Jana jioni Claude alisimama kutoa shukrani za familia. Yule Claude asiyebisha. Alieleza jinsi alivyofika, jinsi alivyomkuta kaka yake bado anamjua mtu, mkono mmoja tu ndio ulikuwa hausikii.

"Aliniuliza, Mama iko wapi," alisema Claude. "Nikamuambia, Mama iko nyuma yangu, anakuja na gari mupya."

Hakunitazama. Wengine wote walinitazama.

Halafu akatangaza mpango wa mazishi, nani atapanda wapi, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mtu wa familia asipande gari la Riziki. Hakuna aliyesema amina, lakini hakuna aliyesema vingine.

Tuliporudi nyumbani Déo alishindwa kukaa. Alikuwa ametoka kuwaona wauzaji asubuhi hiyo, wamelichunguza gari lote, wamefuta ile taa, wamesema halina kasoro hata moja. Aliniuliza basi ni nini. Nikafungua lile gazeti nikamwonyesha kitenge. Alikaa chini, akakigusa pale penye mafuta. Nilifikiri atalia na mimi. Badala yake akasema lazima isemwe. Alisema kwa upole, kwa heshima, aambiwe hata Claude peke yake, kwa sababu jina letu ndilo tulilonalo katika nchi hii, na sasa linaburutwa kwenye matanga kama mfuko wa mkaa. Déo si mtu mbaya. Anafanya kazi mpaka macho yanakuwa mekundu kulipia gari ambalo watu sasa wanaliogopa kama jeneza.

Nikamwambia kwamba Claude akijua, siku moja atakasirika na mama yake kwa jambo jingine, dogo tu, na litamtoka. Nikamwambia mimi pia niliziba. Mtu alitaka kufungua boneti wakati njia bado iko wazi, nikamjibu habari za garanti. Akasema hicho ni kitu kingine. Nikasema ni kitu hicho hicho. Akachukua mto akaenda sebuleni.

Sijui kama njia ingetosha hata ningefungua mapema. Sijui kama Bahati angesubiri. Najiuliza hivyo kwenye robot, zile taa za barabarani, nikisuka, nikipiga mswaki, na kila mara napata jibu tofauti.

Leo asubuhi nilienda matangani mapema, kabla watu hawajajaa, kumsuka Mama. Mwanamke hamziki mwanawe kichwa kikiwa hovyo, alisema hivyo mwenyewe. Alikaa chini kati ya magoti yangu, kichwa chake kwenye paja langu kama mimi nilivyokuwa nakaa kwake zamani. Mvi zimekuwa nyingi. Nilisuka mistari midogo kwa rasta kidogo, ya kurudi nyuma, isiyovuta. Kwa kitambo ilikuwa ni kusuka tu, na kwa kitambo hicho nilikuwa karibu na furaha, Mungu anisamehe.

Kisha akaongea, uso wake ukiwa upande wa ukuta.

"Riziki, kuna kitu nilifanyaka, sikukuambia. Nilifungaka kitenge yangu kwa pua ya gari, isisikie baridi. Baba Bahati alikuwa anafanya vile na gunia." Mikono yangu ilisimama kwenye nywele zake. "Kesho kina mama wote watavaa ile kitenge, na mimi nilikuwa nayo ile moja tu. Ulikiona?"

"Nilikiona, Mama. Nitakufulia nikuletee."

"Ilisaidia hata kidogo?"

Nilikuwa nyuma yake. Hakuweza kuuona uso wangu, na hilo ndilo pekee ambalo Mungu alinirahisishia wiki hii.

"Ilisaidia, Mama," nilisema. "Bila ile, tungezimika mapema zaidi."

Alivuta pumzi ndefu, mabega yake yakashuka, na kichwa chake kikawa kizito pajani kwangu. Akasema mzee alikuwa anajua magari. Nikasema ndiyo, alikuwa anajua. Nikamalizia mstari, nikachoma ncha kwa moto wa kiberiti ili usifumuke, na harufu ile ya nywele kuungua ikabaki kwenye vidole vyangu. Mpaka sasa ipo, na ya mafuta ya injini juu yake.

Je, uongo ukikaa kifuani mwa mtu mmoja ili mwingine alale, unahesabiwa dhambi ya nani? Nimewahi kumsikia mchungaji akiulizwa hivyo, akapita pembeni.

Déo amerudi kutoka kazini sasa hivi. Amepita bafuni, amekiona kitenge, amesimama hapo kwa muda. Nimemsikia anafungua bomba, anasugua.

Kesho tunamzika Bahati. Gari letu litakuwa la mwisho kwenye msafara, na ndani nitakuwa mimi, Déo na viti vitupu. Mama atakuwa mbele, na Claude, kwenye lile la mlango mbovu, na kitenge chake kitakuwa kimekauka. Nikikikunja vizuri, doa litaangukia upande wa ndani.